Noti za Mobutu Kwenye Sanduku la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na sanduku la bati la buluu, lile lililochorwa maua, ambalo zamani wanafunzi wa bweni walikwenda nalo shule. Ndani aliweka kanzu ya Idi, cheti cha ndoa, na bunda la noti lililofungwa kwa uzi wa nyavu. Zilikuwa noti za zaire kumi kumi. Upande mmoja sura ya Mobutu, rais wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kando yake chui, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Nilikuwa na miaka minane hivi nilipozigusa kwa mara ya kwanza, nyumbani kwetu Ujiji, nikadhani mjomba ni tajiri aliyejificha. Nikamwuliza mbona hatununui baiskeli. Hakunijibu. Alizichukua mkononi mwangu, akazipanga upya mpaka sura zote zikaelekea upande mmoja, akafunga uzi wake, akafunga na sanduku.

Mama ndiye aliyenieleza. Kaka yake alikuwa mchuuzi wa Ziwa Tanganyika. Miaka ya sabini alivusha chumvi ya Uvinza na sabuni za miche kwenda Kalemie, akarudi na vitenge. Sisi Wamanyema wa Ujiji hatuiti ng'ambo ugenini. Wazee wetu walitoka huko, ndugu wamebaki huko, ni ziwa tu limelala katikati. Wateja walimlipa kwa zaire naye akaziweka, kwa kuwa zaire ya wakati ule ilikuwa pesa ya kuwekwa. Ilipoanza kutumika mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mjomba alikuwa anadunduliza mtaji wa boti ya injini.

Desemba 1979 serikali ya Zaire ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 si pesa tena. Mipaka ikafungwa, siku za kubadilisha zikawa za kuhesabu kwa vidole, na kiasi ambacho kila familia iliruhusiwa kubadilisha kikawekewa kikomo. Aliyekuwa mjini na anayejuana na watu wa benki alipona. Aliyekuwa kijijini, au kama mjomba, ng'ambo ya ziwa akingoja upepo utulie, alibaki na karatasi.

Bunda lile ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za Mobutu, na sijaacha mpaka leo. Kila nikisoma narudi kwenye swali lile lile. Mtu huyu aliingia kwa jeshi, akakaa kwa jeshi karibu miaka 32, akajivika na cheo cha marshal. Siku ya siku ilipofika, jeshi lake lilikuwa wapi?

Alizaliwa Lisala, kando ya mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930, akaitwa Joseph-Désiré. Baba yake alikuwa mpishi wa hakimu Mbelgiji, akafariki mtoto akiwa na miaka minane. Mke wa yule hakimu alimpenda mtoto, akamfundisha Kifaransa, na Kifaransa kile kilimfungulia milango mingi baadaye. Shule ya mapadri ilimfukuza kwa utundu, na mtundu wa aina yake enzi za Wabelgiji alipelekwa jeshini, katika Force Publique, kwa miaka saba. Huko alijifunza ukarani, akapanda mpaka sajini mkuu. Juu ya hapo hapakuwa na ngazi kwa mtu mweusi.

Hapo pa ngazi nataka tukae kidogo, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na jeshi la watu zaidi ya elfu ishirini, na maofisa wake wote walikuwa Wabelgiji. Siku tano baadaye kamanda wa jeshi hilo, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Usiku huo huo askari waliasi. Wabelgiji wakakimbia, Katanga chini ya Moïse Tshombe ikajitangazia utengano tarehe 11 Julai, na Waziri Mkuu Patrice Lumumba akajikuta na jeshi lisilo na wakubwa. Akatazama kulia na kushoto nani anajua kambi. Mobutu alikuwa karibu yake, kijana wa miaka 29, sajini mstaafu aliyegeuka mwandishi wa habari, aliyekuwa akimsaidia ofisini. Lumumba akampa ukanali na unadhimu mkuu wa jeshi.

Kanali mpya alizunguka kambi kwa kambi, akizungumza na askari kwa lugha yao, na mkononi alikuwa na mishahara yao. Pesa zilitoka wapi ni habari ndefu. Wamarekani na Wabelgiji walikuwa wameshamwona kuwa mtu wanayeweza kufanya naye kazi. Askari aliona jambo moja tu, kwamba anayemlipa ni Mobutu. Tarehe 14 Septemba 1960, Rais Kasavubu na Lumumba wakiwa wamefukuzana kazini, Mobutu alitangaza redioni kwamba wanasiasa wote anawaweka pembeni. Desemba Lumumba alikamatwa na askari wa Mobutu, aliyekuwa rafiki yake. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga kwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na wote watatu wakauawa usiku huo. Miaka mitano baadaye Mobutu huyo huyo alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Nimejaribu mara nyingi kuwaza uso wake ulikuwaje alipokuwa akiyasoma maneno yale mbele ya watu, na nashindwa.

Ziwa letu nalo lina sehemu yake. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wakyuba wake kwenda Kibamba, kuwasaidia waasi wa Fizi ambao mmoja wa viongozi wao alikuwa kijana aitwaye Laurent-Désiré Kabila. Kabila alionekana zaidi upande wetu wa ziwa kuliko mstari wa mbele, na vita vile havikwenda popote. Wakyuba walirudi Kigoma kwa boti tarehe 21 Novemba 1965, wamekonda, wanaumwa. Siku tatu baadaye, tarehe 24, wakuu wa jeshi walikutana Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kumwondoa Kasavubu, wakampa nchi Luteni Jenerali Mobutu. Aliwaambia Wakongo kwamba anahitaji miaka mitano. Wanasiasa wameivuruga nchi kwa miaka mitano, alisema, nami nipeni miaka mitano niinyooshe. Watu walimkubali. Naelewa kwa nini. Walikuwa wamezika wengi mno.

Halafu akawaonyesha atakavyotawala. Juni 1966, wakati wa Pentekoste, mawaziri wanne wa zamani, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walishtakiwa kupanga mapinduzi. Kesi ilichukua muda mfupi kuliko kesi ya mwizi wa kuku. Walinyongwa hadharani mjini Kinshasa, mbele ya umati wa makumi ya maelfu, mmoja baada ya mwingine. Kimba alikuwa ameteuliwa kuwa waziri mkuu miezi michache tu nyuma. Mwaka 1968 Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa Kwilu, alirudi kutoka Brazzaville akiwa ameahidiwa msamaha. Aliuawa kwa mateso. Baada ya hapo aliyekuwa na neno alilimeza.

Miaka iliyofuata ndiyo inayosimuliwa sana, nami nitaipita haraka. Chama kimoja, MPR, Mei 1967. Migodi ya shaba ya Union Minière kuchukuliwa na serikali. Oktoba 1971 nchi na mto navyo kuitwa Zaire, kama pesa ilivyokuwa imeshaitwa. Majina ya ubatizo kupigwa marufuku, naye mwenyewe kujiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Suti na tai kuondolewa, abakosti, koti lisilovaliwa na tai, kuvaliwa. Kofia ya ngozi ya chui. Taarifa ya habari ya televisheni kuanza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Ali na Foreman kupigana Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Hata wazee wetu wa Ujiji waliona fahari siku zile, na siwalaumu. Mwafrika aliyesimama wima mbele ya Mzungu alikuwa kitu cha kujivunia, na wao hawakuwa wakiishi chini yake.

Lakini Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka, mashamba na viwanda vidogo vya wageni sasa ni vya wananchi. Wananchi wenyewe wakawa mawaziri, majenerali na jamaa zao. Duka la Mgiriki lililokuwa na bidhaa za miezi sita liliuzwa lote kwa wiki mbili, mwenye duka mpya akanunua Mercedes, na rafu zikabaki tupu. Bei ya shaba nayo ikaanguka vibaya baada ya 1974. Serikali ikakopa, na kukopa tena, na kuchapisha noti. Ujenzi wa Gbadolite, kijiji cha kwao kaskazini, haukusimama: makasri ya marumaru porini, na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha Concorde kutua. Noti za mjomba zilikufa katika kipindi hicho.

Sasa jeshi.

Aliyepata nchi kupitia kambi anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kambi nyingine inaweza kumfanyia yeye alichowafanyia wenzake. Mobutu alilijua hilo kila siku ya maisha yake Ikulu. Alipoona maofisa waliosoma nje, wenye akili na wanaopendwa na askari, hakuona hazina, aliona hatari. Mwaka 1978 maofisa kadhaa waliotuhumiwa kupanga mapinduzi walipigwa risasi, na wengi wa mikoa isiyoaminiwa wakaondolewa jeshini. Vikosi vikawa vingi, kila kimoja na mkuu wake, kila mkuu akimchongea mwenzake kwa Mzee. Kikosi maalumu cha rais, DSP, kilijazwa zaidi vijana wa Kingbandi, kabila lake, kikapata silaha na mshahara. Askari wengine, makumi ya maelfu, waliachwa. Mishahara yao iliishia mifukoni mwa makamanda, na kamanda aliyekula mshahara wa askari hakuadhibiwa, kwa sababu kamanda mwenye kosa ni kamanda anayeshikika.

Askari naye akala wapi? Akala kwa raia. Kizuizi barabarani, kamba na jiwe, na neno moja, matabishi, yaani bakshishi. Mchuuzi wa mihogo anatoa kikapu cha mihogo, mwenye kuku anatoa kuku. Wakongo wana msemo wao wa enzi zile, article 15, kifungu ambacho hakimo kwenye katiba yoyote, kinachomwambia kila mtu ajitafutie mwenyewe. Kwa mwalimu kilikuwa na maana ya kuuza vitumbua. Kwa mtu mwenye bunduki kilikuwa na maana nyingine.

Udhaifu huo ulionekana mapema. Machi 1977 na tena Mei 1978 waasi wa Katanga waliokuwa Angola waliingia mkoa wa Shaba, jina jipya la Katanga wakati ule. Mara ya kwanza waliowarudisha nyuma walikuwa askari wa Morocco walioletwa kwa ndege za Wafaransa. Mara ya pili, Kolwezi, walikuwa askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji. Rais mwingine angejiuliza kwa nini jeshi lake haliwezi kulinda mji wa migodi. Mobutu alijifunza kwamba akiita, nchi za Magharibi zitakuja. Alikuwa mtu wao dhidi ya Wakomunisti, njia yao ya kupitisha silaha kwenda Angola, na hadi Juni 1989 alikuwa anapokewa Washington na George Bush, wa kwanza kati ya marais wa Afrika. Miezi sita baadaye rafiki yake Nicolae Ceaușescu alipigwa risasi ukutani huko Romania, picha zikaonyeshwa dunia nzima, na vita baridi ikawa imekwisha. Tarehe 24 Aprili 1990, N'Sele, nje kidogo ya Kinshasa, Mobutu aliutangazia umma kwamba chama kimoja basi. Sauti ilimkata katikati, akavua miwani, akawaomba wamwelewe kwa kuguswa kwake. Alilia kweli mbele ya kamera. Wiki chache baadaye wanafunzi wa chuo kikuu Lubumbashi walivamiwa usiku kwenye mabweni na kuuawa.

Septemba 1991 askari wa miavuli wa kambi ya Ndjili, wasiolipwa, waliingia mitaani Kinshasa wakaanza kupora, na raia wakawafuata. Madirisha, mabati, nyaya za umeme ukutani, vyote vilibebwa. Januari 1993 wakarudia. Safari hii walikuwa wamelipwa, lakini kwa noti mpya za zaire milioni tano, ambazo waziri mkuu wa upinzani Étienne Tshisekedi alizikataa na wafanyabiashara wakazikataa naye. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa katika ghasia zile. Mwaka huo huo ilitoka zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni tatu. Mjomba aliposikia hesabu hiyo redioni alikaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anagawanya.

Nilikuwa darasa la saba boti zilipoanza kuja.

Ilikuwa mwishoni mwa 1996. Vita vilianza Uvira Oktoba, katika bonde la Ruzizi na milima iliyo juu yake. Bonde lile lina historia. Mwaka 1964, kwenye daraja la Kamanyola, Mobutu alipata sifa ya kuongoza askari wake mbele ya risasi za waasi, na sifa hiyo aliilea vizuri: kikosi cha jeshi kiliitwa Kamanyola, meli yake ya starehe mtoni iliitwa Kamanyola, uwanja mkubwa wa mpira Kinshasa ukaitwa Kamanyola. Miaka 32 baadaye ni kutoka bonde hilo hilo vilitoka vita vilivyomwondoa. Rwanda ilikuwa nyuma ya vita hivyo, na Uganda. Rwanda ikisaka waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, waliokuwa wamejichimbia katika kambi za wakimbizi Kivu. Msemaji wa waasi akawa yule yule Kabila wa Fizi, mzee sasa, aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi.

Sisi watoto tulikwenda Kibirizi ufukweni kutazama. Boti za mbao zilikuwa zimejaa mpaka maji yanaonekana sawa na ukingo. Watu walishuka na magodoro, na mbuzi, na mashine ya kushonea iliyofungwa kwa kanga. Wengi walipelekwa kambini, Nyarugusu na kwingineko. Mwanamke mmoja wa Kibembe kutoka upande wa Fizi alikuja kwetu, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa amewahi kufanya biashara na mjomba. Alikuwa na watoto watatu na sufuria moja kubwa yenye mkono mmoja. Tulimwita Mama wa Fizi.

Kwetu redio ililia kutwa, na kipindi cha jioni walipiga muziki wa Kizaire. Ujiji nzima tulipenda nyimbo zile. Hatukujua Kilingala hata kidogo, ila tulijua kwamba ni lugha ya mapenzi, ya magitaa yanayopanda na kushuka, lugha ya harusi. Jioni ya pili au ya tatu tangu afike, Mama wa Fizi alikuwa anapepeta mchele uani. Wimbo ulipoanza aliuweka ungo chini. Watoto wake wakanyamaza wote mara moja, hata yule mdogo.

"Zima ile, mutoto," aliniambia. "Ile luga ni ya basoda."

Nilizima. Kwake yeye Kilingala hakikuwa lugha ya harusi. Kilikuwa lugha ya jeshi, lugha aliyosikia kizuizini na usiku mlangoni. Kule Fizi watu wanazungumza Kibembe na Kiswahili. Anayekuja na Kilingala anakuja na bunduki. Wiki za mwisho kabla hajavuka, askari wa serikali walipita kijijini kwao wakikimbia kutoka Uvira. Hawakusimama kupigana na mtu. Walibeba mbuzi, nguo, redio, wakawabebesha vijana mizigo, na alichosimulia kuhusu binti wa jirani yake sitakiandika hapa. Waasi walipofika siku chache baadaye hapakuwa na cha kuchukua tena.

Ndilo jibu la swali langu, na nililipata uani kwetu kabla sijajua kuuliza. Jeshi la Mobutu lilikuwa pale, kijijini kwa Mama wa Fizi, likikimbia na magodoro ya watu. Alikuwa amelivunja mwenyewe kwa mikono yake, mwaka baada ya mwaka, ili lisimpindue. Lilipotakiwa kusimama halikuwa na miguu.

Baada ya hapo tulifuata kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC kama watu wanaofuata mpira. Bukavu, kisha Goma. Mobutu alikuwa Ulaya; Agosti alipasuliwa saratani ya tezi dume Lausanne, akawa anajiuguza kwenye kasri lake la Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa. Alirudi Kinshasa Desemba, watu wakajaa barabarani kumpokea, akaonekana amekonda. Mamluki wa Kiserbia waliletwa Kisangani, hawakusaidia. Mji ulianguka tarehe 15 Machi 1997. Lubumbashi Aprili. Waasi walitembea kwa miguu nchi nzima, na mbele yao miji ilikuwa inaporwa na walinzi wake halafu inaachwa. Misituni nyuma yao waliuawa wakimbizi wengi wa Kihutu, jambo ambalo redio ililigusa kidogo tu wakati ule, na ambalo mpaka leo halijapata mahakama yake.

Tarehe 4 Mei Mandela aliwakutanisha Mobutu na Kabila ndani ya meli ya jeshi la majini la Afrika Kusini, Outeniqua, bandarini Pointe-Noire. Marshal hakuweza kupanda ngazi. Gari lake liliingizwa melini naye akiwa ndani. Siku kumi na mbili baadaye, Ijumaa tarehe 16, aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite. Usiku huo Jenerali Mahele, mkuu wa majeshi ya Mobutu, aliyetaka mji ukabidhiwe bila damu kumwagika, aliuawa kambini na askari wa DSP, wale wale waliokuwa wakilipwa. Jumamosi vijana wa Kabila waliingia mjini wamevaa mabuti ya mpira, wengine watoto wa umri wangu, wakizungumza Kiswahili. Kinshasa iliwaita kadogo. Jumapili Mobutu alipakiwa kwenye ndege ya mizigo Gbadolite, na ilipokuwa inaruka, askari wake mwenyewe, waliogundua kwamba anawaacha, waliifyatulia risasi. Ilifika Lomé ikiwa na matundu.

Nyumbani kwetu Jumamosi ile palikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha. Mjomba alichinja jogoo. Mama wa Fizi aliimba Kibembe akisonga ugali, na jioni redio ilipoleta sauti za askari wakihojiwa mitaani Kinshasa, wakijibu kwa Kiswahili kama chetu, alisimama na mwiko mkononi asikilize. Uwanja wa Kamanyola ulibadilishwa jina mwaka huo, ukaitwa wa Mashahidi, kwa kumbukumbu ya wale mawaziri wanne walionyongwa mahali pale pale.

Mobutu alifariki Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akazikwa katika makaburi ya Wakristo mjini humo, na bado yuko huko. Mjomba alipata habari asubuhi akiwa anashona nyavu. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa lile bunda. Nilifikiri atalichoma. Alilihesabu lote, noti moja moja, akalifunga na uzi ule ule, akalirudisha chini ya kanzu.

Katikati ya 1998 Mama wa Fizi alirudi kwao. Wakongo wengi walikuwa wanarudi, mashirika yaliwavusha kwa meli. Aliacha anwani ya parokia, akatuachia na kikapu cha mihogo mikavu. Agosti mwaka huo Kabila aligombana na waliomleta, na vita vikawaka upya, vikubwa kuliko vya kwanza, katika nchi ambayo haikuwa na jeshi, ila vikundi vya wenye bunduki wanaojitafutia.

Aliingia tena Kibirizi mwanzoni mwa 1999. Mjomba alimkuta ufukweni amekaa juu ya furushi. Alikuwa na watoto wawili. Sufuria ilikuwa ile ile. Tulipofika nyumbani redio ilikuwa inalia Kilingala na nikakimbilia kuizima, lakini alinishika mkono.

"Acha tu, mutoto," alisema. "Sasa hata Kiswahili ni ya basoda."